Kipuri Kimoja, Mchoro Mmoja



Nimeombwa niseme juu ya kompyuta, lakini niruhusuni nianzie kwenye karanga. Kila mtoto wa Nachingwea amesikia habari za ule mpango wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951. Tumezoea kusimuliwa juu ya ardhi ngumu na mvua haba. Ni kweli, ila mimi ni afisa ugavi, na jicho langu huenda kwenye vipuri. Matrekta mengi ya mwanzo, yaliyopelekwa Kongwa, yalikuwa masalio ya vita, ya aina mbalimbali, mengine yamekwisha kuchakaa. Kiwanda cha Vickers kiligeuza hata vifaru vya Sherman kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Katika mchanganyiko ule, fundi angejuaje kipuri kipi kinaingia wapi, na mashine iliyo mbele yake imekwisha kubadilishwa nini?

Ziko programu za kompyuta zilizotungwa kujibu swali hilo hilo. Kazi yake ni kusimamia maisha ya bidhaa tangu mchoro wa kwanza, kutengenezwa, kutumika na kukarabatiwa, hadi siku ya kutupwa. Wenyewe huziita kwa kifupi PLM. Zinazojulikana sana ni Teamcenter ya Siemens na Windchill ya PTC. Msizichanganye na daftari la stoo. Stoo hukuambia una boliti ngapi. Programu hii hukuambia boliti hiyo ilichorwa lini, toleo lake ni la ngapi, nani aliidhinisha mabadiliko, na ni mashine zipi zinazoitumia.

Wakubwa nao huumia michoro isipopatana. Mwaka 2006 ndege ya Airbus A380 ilicheleweshwa sana kwa kuwa wahandisi wa Hamburg na wa Toulouse walitumia matoleo tofauti ya programu moja ya kuchorea, iitwayo CATIA. Nyaya zilipofika mahali pa kuunganishwa zikaonekana fupi, na ndege moja ina zaidi ya kilomita 500 za nyaya!

Huku kwetu jambo hili limekwisha kubisha hodi. Jirani zetu wa Ruangwa wamejengewa mgodi wa kinywe pale Matambarale. Mgodi wa namna hiyo una mashine za kuponda mawe, za kusaga, za kuchenjua, na pampu zisizo na idadi. Kijana wa hapa atakayeajiriwa kubeba spana atalipwa mshahara wa kubeba spana. Atakayeweza kufungua kumbukumbu ya mashine na kuisoma ataitwa kwenye meza ya mafundi.

Zamani programu hizi zilikaa kwenye kompyuta ya mhandisi tu. Siku hizi nyingi hufunguliwa kwa intaneti, hata kwenye simu. Fundi huliona umbo la mashine, hulizungusha kwa kidole, hugusa kipande, na namba yake ikatokea. Ninalolipenda zaidi ni kulinganisha: unaweka orodha mbili za vipuri, ya zamani na mpya, nayo programu inatia rangi mahali palipobadilika. Kazi hiyo kwa macho ingekula siku nzima, na bado ungeruka mstari.

Sasa namna ya kuitumia. Tafuta kwa namba ya kipuri, usitafute kwa jina, maana kitu kimoja huyu atakiita bomba na yule paipu. Kabla ya kuchapa mchoro wowote, tazama toleo lake na kama umeidhinishwa au bado ni rasimu. Ofisi moja niliyopata kuifahamu iliagiza kipuri cha pampu kwa mchoro uliokuwa umehifadhiwa kwenye kompyuta ya mtu binafsi. Miezi ikapita, kipuri kikafika, hakikuingia. Mchoro ulikuwa umebadilishwa zamani. Wananchi waliendelea kubeba ndoo. Kwa hiyo nakala za pembeni ni sumu, hata kama zinafunguka haraka. Na ukitaka kubadilisha kitu, uliza kwanza programu kitu hicho kinatumika wapi kwingine. Swali hilo lina kitufe chake, na watu hawakibonyezi.

Vijana, programu zenyewe ni ghali, lakini zoezi halihitaji umeme. Chukueni pampu ya maji au jenereta. Andikeni kila kipande kwenye daftari moja, kila kimoja na namba yake, na vile kilivyomo ndani ya kingine. Kipande kikibadilishwa, msifute mstari wa zamani; andikeni mpya chini yake, pamoja na tarehe na jina la aliyebadilisha. Safu ya mwisho ifanyeni pana kuliko zote, kwa sababu humo ndimo mtakamoandika kwa nini kimebadilishwa.