Kutoka Kazi Nyingine Kuingia Uuguzi

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama



Tumeombwa tuseme machache juu ya jambo linaloulizwa sana katika matawi yetu. Je, mtu aliyekwisha fanya kazi nyingine miaka mingi aweza kuwa muuguzi? Wanaouliza si watoto wa shule. Ni makarani, ni washonaji, na ni wachuma chai wa Kericho na Bomet ambao kazi ya mikono yao sasa yafanywa na mashine. Jibu letu ni kwamba aweza, lakini njia ni ndefu na yataka hesabu.

Kwanza, masomo. Diploma ya uuguzi katika chuo cha KMTC, kilichoanzishwa mwaka 1927, ni ya miaka 3. Mwombaji hutakiwa awe na alama ya C katika KCSE, tena awe amefaulu vema biolojia na lugha. Aliyepungukiwa aweza kurudia mtihani. Hilo si aibu. Akimaliza chuo, haruhusiwi kuuguza mpaka afaulu mtihani wa Baraza la Wauguzi na kupewa leseni.

Pili, fedha. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kwamba anayepunguzwa kazi alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima aliotumika, na chama chake kijulishwe mwezi mmoja kabla. Dai haki hiyo, kisha uitunze. Usilipe karo mahali popote kabla ya kuliuliza Baraza kama chuo hicho kimeidhinishwa. Mwanafunzi wa chuo kisichoidhinishwa haingii katika mtihani wa leseni, na hapo miaka 3 na ng'ombe waliouzwa vyote vimepotea.

Tatu, tusidanganyane: leseni si kazi. Tangu mwaka 2013 hospitali nyingi za umma zi chini ya kaunti, na wauguzi wengi wenye vyeti wamengoja kuandikwa, au wameandikwa kwa mikataba mifupi. Mwaka 2017 wauguzi waligoma tangu Juni hata Novemba wakidai mapatano ya mshahara. Mwenye watoto na ayajue haya kabla ya kuacha kazi aliyo nayo.

Hata hivyo, ngazi ipo. Mwenye diploma aweza kusomea digrii, au kazi maalumu kama ukunga, chumba cha upasuaji, figo, au wagonjwa mahututi. Wala ninyi hamwendi mikono mitupu. Aliyezoea zamu ya usiku kiwandani haogopi zamu ya wadi, na karani aandikaye hesabu bila kosa ataandika kipimo cha dawa vivyo hivyo. Wanaume nao wasisite, kwani mgonjwa ataka mikono iliyofundishwa.

Twawaomba makatibu wa matawi waandike majina ya wanaotaka njia hii, ili tuulize habari za vyuo pamoja. Mtu mmoja hudanganywa upesi, bali wengi huulizana.