Injinia wa Mifereji ya London

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi. Tunaichapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Watu wengi wakisikia kwamba fulani anafanya kazi ya mifereji ya maji machafu, hukunja pua. Leo nataka kuwaeleza habari za mtu aliyeifanya kazi hiyo miaka 40, na za mafundi na vibarua waliokuwa chini yake.

Jina lake Joseph Bazalgette, Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1819. Alianza katika kazi za reli, akajichosha hata afya ikamharibikia. Mwaka 1849 aliandikwa na tume ya mifereji ya London, na mwaka 1856 akawa injinia mkuu wa halmashauri ya jiji. Siku hizo uchafu wote ulimwagwa katika mto Thames, na watu wengi walikunywa maji ya mto huo huo. Kipindupindu cha 1848 na 1849 kiliua zaidi ya watu 14,000 katika London.

Mpango wake ulikuwa huu: mifereji mikubwa ijengwe kandokando ya mto, iyapokee maji machafu kabla hayajafika mtoni, iyapeleke mbali mashariki ya jiji. Serikali ikaurudisha mpango mara kwa mara. Kisha likaja joto la mwaka 1858. Mto ukanuka hata ndani ya Bunge, lililojengwa ukingoni. Mapazia yalichovywa katika chokaa, lakini wapi! Mwezi wa Agosti sheria ilipita upesi na fedha zikatolewa. Ndugu zangu, maelfu walikufa na karatasi zikalala mezani. Uvundo ulipofika puani mwa wakubwa, kazi ikaanza.

Ilianza mwaka 1859. Mifereji mikubwa peke yake ilikuwa na urefu wa kilomita 132, na matofali yaliyotumiwa yalikuwa milioni 318. Bazalgette alichagua simiti ya Portland, inayokaza vizuri ndani ya maji, akaamuru kila shehena ipimwe nguvu zake kabla ya kutumiwa. Mkandarasi hakuaminiwa kwa maneno yake. Ndiyo sababu mifereji ile inatumika hata leo.

Mwaka huo huo wa 1859 wajenzi wa London walidai saa 9 za kazi kwa siku badala ya 10. Matajiri wakafunga milango, wakasema hakuna atakayerudi kazini ila atie sahihi kwamba ameacha chama. Wajenzi walikataa. Mwanzoni mwa 1860 matajiri waliiondoa karatasi yao. Saa 9 hazikupatikana wakati ule, lakini chama kilibaki, na mwaka huo Baraza la Vyama vya Wafanyakazi la London likaundwa.

Sasa nisiwafiche upande wa pili. Mwaka 1866 kipindupindu kilirudi, kikaua zaidi ya watu 5,000 mashariki ya jiji, mtaa wa maskini, mahali ambapo mifereji mipya ilikuwa haijaanza kutumika. Tena uchafu haukusafishwa. Ulihamishwa tu, ukamwagwa mtoni huko chini. Mwaka 1878 meli Princess Alice ilizama karibu na mahali hapo, na zaidi ya watu 600 walikufa katika maji yale machafu. Ndipo mbinu zikabadilishwa, na kuanzia mwaka 1887 tope la uchafu likawa linapelekwa baharini kwa meli. Desturi hiyo nayo ilikomeshwa mwaka 1998.

Bazalgette alistaafu mwaka 1889, akafa mwaka 1891. Sanamu yake iko kando ya mto. Waashi waliopanga matofali yale milioni 318 hawana sanamu. Mwaka 2025 London ilimaliza kuunganisha mfereji mwingine mpya wa kilomita 25, maana watu wamezidi kuliko ile ya zamani inavyoweza kubeba.

Basi tuchukue mambo matatu. Kwanza, anayesafisha mji anaokoa roho za watu, wala asione haya kudai mshahara wa haki. Pili, ukiona simiti mbovu au kazi ya kulipua, sema mapema, kwa kuwa ukuta ukianguka atakayekuwa chini yake ni mwenzako. Tatu, tuulize kila mara: uchafu huu ukitolewa hapa, unapelekwa kwa nani?