Siku ya Soko na Binti wa Dada Yangu

Leo nawasimulia safari ya sokoni.

Nilikuwa na shilingi 800. Binti wa dada yangu, ninayemlea tangu tulipovuka mpaka, ana miaka 15, na sketi ya shule ndiyo anayoivaa hata kanisani. Nikasema twende mitumbani, nikinuia kumnunulia gauni pana litakalomfaa mpaka mwaka kesho. Wazazi mnanielewa.

Tulifika asubuhi, marobota yakifunguliwa, kabla wajanja hawajachagua. Nikamwonyesha: inua nguo juani uone matundu. Tazama kwapani na katikati ya mapaja, ndiko inakochakaa kwanza. Zipu ifungue na kuifunga mara mbili. Ukikosa pa kujaribia suruali, ifunge, uzungushe kiuno chake shingoni mwako. Ncha zikikutana nyuma, mara nyingi itakutosha.

Gauni nikalipata, la 450. Yeye kimya. Nikataka kumkemea kwa kukosa shukrani, lakini muuzaji alikuwa anatusikiliza, nikamvuta pembeni.

"Mwanangu, sema."

Akatazama chini. "Mama mdogo, gauni lingoje. Sina sidiria. Tukikimbia shuleni, wavulana wananicheka."

Jamani! Muhula mzima, kila siku ya michezo aliniambia kichwa kinamuuma, nami nikampa dawa na kumlaza.

Gauni tukaliacha, muuzaji akinuna. Tukaenda kwa mama mmoja anayeuza nguo za ndani, maana kwa wale vijana wa kiume asingefungua mdomo. Mama yule akampima kwa uzi juu ya blauzi, bila kelele. Sidiria mbili, 300. Chupi tatu mpya, 200. Chupi za mitumba mimi sinunui, hata ziwe bei gani.

Zikabaki 300. Nikamwekea mkononi, nikamwambia achague mwenyewe. Akachagua fulana ya manjano kali, ambayo mimi nisingeigusa, yenye maandishi ya Kiingereza kifuani. Tukamwuliza mwalimu aliyekuwa akipita maana yake kabla ya kulipa. Yalikuwa ya heri.

Nyumbani tukazifua zote kwa maji ya moto, kesho yake tukaanika juani mpaka zikakauka kabisa.

Jumatano ilikuwa siku ya michezo. Kichwa hakikumuuma.