Hotuba ya Mahafali: Jina Linalobaki Baada ya Hifadhi Kuondoka

Hifadhi ya data ikiondolewa kwenye klasta ya mashine pepe, jina lake halifutiki kila lilikoandikwa. Katika Proxmox VE, mfumo huria uliotoka mwaka 2008, hifadhi zote hutajwa kwenye faili moja, /etc/pve/storage.cfg, na kila nodi, yaani kila seva ya klasta, huiona ileile. Kuifuta hifadhi humo hakugusi data yake, wala hakurekebishi mashine zilizoitegemea. Mhitimu wa leo atakayekabidhiwa chumba cha seva atalikuta tatizo hili mapema: mashine inafanya kazi bila shida, kisha siku ya kuhamishiwa nodi nyingine inagoma, eti hifadhi haipo.

Pa kuanzia ni ujumbe wa kosa, maana hulitaja jina linalokosekana. Jina hilo litafutwe kwa grep ndani ya /etc/pve yote. Mara nyingi chanzo ni kiendeshi cha sidi kinachoelekeza bado kwenye faili ya ISO ya siku ya usakinishaji. Kikiachwa kitupu, mambo yameisha. Snapishoti ndizo zinazosumbua. Kila snapishoti hubeba nakala ya usanidi wa siku ilipochukuliwa, chini kabisa ya faili ya mashine, pamoja na jina la hifadhi ya zamani. Ukurasa wa vifaa vya mashine hauonyeshi sehemu hiyo, na ndiyo maana mafundi hodari hupoteza saa nyingi wakitafuta kwingine. Ratiba za chelezo nazo zikaguliwe, maana zinaweza kulitaja jina hilohilo.

Hatari kubwa iko kwenye kufuta. Diski iliyoandikwa unused0 huonekana haina mwenyewe, lakini hifadhi mbili zikisajiliwa juu ya mahali pamoja, diski hiyo huenda ikawa ileile inayotumika wakati huo, kwa jina jingine. Anayeifuta huenda amefuta rekodi za wagonjwa au mishahara ya watu. Kwa hiyo njia halisi ya kila hifadhi ithibitishwe na chelezo ijaribiwe kurejeshwa kabla ya mkono kugusa kitufe.

Nodi iliyotolewa kwenye klasta pia huacha saraka yake chini ya /etc/pve/nodes, pengine ikiwa na usanidi wa mashine ambazo bado zinahitajika. Saraka hiyo isomwe kwanza kabla ya kufutwa. Klasta ikikosa akidi, yaani wingi wa nodi zinazowasiliana, /etc/pve husomeka tu bila kuandikika, basi akidi irudishwe ndipo marekebisho yafanyike, na mashine ijaribiwe tena kuhamishwa.