Kubadili Mabega Bila Kupoteza Mzigo

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Tabora)



Nashukuru kupewa dakika chache kabla ya chakula. Nilipoulizwa nitazungumza juu ya nini, nikajibu: diski za kompyuta. Mwenzangu mmoja akacheka, akasema watu hawakusafiri usiku kucha kwa treni kuja kusikiliza habari za bisibisi. Naomba mnivumilie. Jambo hili linahusu fedha zetu, na linahusu kumbukumbu za watoto wetu.

Sote tulifundishwa kwamba mji huu ulikuzwa na misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi Novemba 1857, wapagazi waliowatoa pwani walitawanyika kwenda makwao, ikabidi watafutwe wengine wa kuendelea hadi ziwani. Ndivyo ilivyokuwa kwa misafara mingi: Tabora mzigo ulibadili mabega. Frasila mbili, yaani zaidi kidogo ya kilo 30, zilitoka bega hili zikaenda bega lile. Mwenye msafara mwenye akili hakumruhusu mpagazi wa kwanza aondoke kabla mzigo haujahesabiwa.

Ndugu zangu, diski ni bega. Mzigo ni kazi iliyoandikwa ndani yake.

Limetolewa pendekezo kwamba tuchangishane tununue kompyuta mpya, na zile za mezani zilizoko sasa zitupwe. Nasema tuzifungue kwanza. Kompyuta nyingi za miaka kumi au zaidi huwa nzito kwa sababu ya diski ngumu ya kuzunguka. Ndani yake mna sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono unaokwenda huku na huko kutafuta neno lililoandikwa. Umeme ukikatika ghafla mara kwa mara, na vumbi la kiangazi likiziba feni hata joto likapanda, diski hiyo huchoka mapema. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka. Ukiiweka katika mashine ileile, iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka, huenda ikawaka kabla hujavuta kiti.

Lakini pima kabla ya kununua. Mashine zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2003 hutumia ule mkanda mpana wa IDE. Baadaye ikaja njia ya SATA yenye kebo nyembamba. Baadhi ya mashine za kale haziwezi kuona zaidi ya gigabaiti 137 hata ukiweka diski kubwa, na mpangilio wa zamani wa kugawa diski huishia kama terabaiti mbili. Angalia pia kama programu yake bado inalindwa: Windows 10 iliachwa bila matengenezo yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine isiyoweza kupokea toleo jipya yaweza kuwekewa Linux na kuendelea kufundishia.

Sasa niseme la aibu yangu. Zamani kidogo niliitwa katika shule moja, ambayo sitaitaja, kubadili diski ya kompyuta ya ofisi. Ndani yake mlikuwa na alama za kidato cha nne. Nikaunganisha diski zote mbili. Programu ya kunakili ikauliza ipi ni chanzo na ipi ni ya kupokea. Nikajibu kwa haraka, kwa mazoea. Nikakaa nikiutazama mstari ukijaa kwenye kioo, nimeridhika kabisa. Ulipojaa nilikuwa nimenakili utupu juu ya kazi ya miaka mitatu.

Mama aliyekuwa karani hakunigombeza. Alifungua kabati akatoa madaftari. Akasema, “Baba, mimi hiyo kompyuta yenu sikuwahi kuiamini.” Siku tatu tuliandika upya, yeye akisoma, mimi nikichapa. Alama zikarudi. Barua za sifa za wanafunzi waliokwisha kuondoka hazikurudi. Baadaye alikuja kijana kuomba yake, kwa ajili ya kazi, nikiwa nimeketi palepale. Hakuipata. Uso wake ninao hadi leo.

Tangu siku hiyo nina sheria nne. Kwanza, nakala ya akiba kwenye diski ya tatu kabla bisibisi haijagusa skrubu. Pili, soma jina na namba ya kila diski kwa sauti, na mwenzako aitikie. Tatu, fungua faili chache katika diski mpya uone kama zinasomeka. Nne, diski ya zamani ifungiwe kabatini mwezi mzima. Baada ya hapo ifutwe kwa programu maalumu au itobolewe, isiuzwe na alama za watoto ndani yake. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kwa seva, ongezeni subira. Seva yenye diski mbili zinazoandika jambo lilelile ni kama mti uliobebwa na watu wawili: badili mmoja, ngoja mwenziwe amalize kumwandikia kila kitu, ndipo umbadili wa pili. Wala msiseme diski mbili ni akiba. Karani akifuta faili kwa bahati mbaya, linafutika kote kuwili.

Ndugu Mwenyekiti, ombi langu ni dogo. Mchango wetu wa kwanza ununue diski za SSD, diski moja ya nje ya kuwekea akiba, na betri ya UPS kwa seva. Kitakachobaki ndicho kinunue mashine mpya. Na kazi hiyo wasiifanye mafundi wa kukodi. Waifanye vijana hawa, wawili wawili, mmoja akisoma namba, mwingine akiitikia. Mimi nitakuja likizo ijayo kusimama nyuma yao.