Mfuko wa Maafa na Usalama wa Mtaa Wetu

(Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya kikundi katika sherehe ya kutimiza miaka kumi, Mwanakwerekwe)



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Wapo wenzetu tulioanza nao ambao hawapo tena, tunawaombea rehema na makazi mema.

Tumetakiwa tuseme machache juu ya kikundi na usalama wa mtaa. Pengine wapo watakaoona ajabu. Kikundi cha kuweka na kukopa kinahusiana nini na moto, mafuriko na ajali? Mmezoea kusikia katika sherehe kama hizi hisa zilifika ngapi na mkopo mkubwa alichukua nani. Hayo yamo katika kurasa za mwanzo za kijitabu hiki, mtayasoma kwa nafasi. Sisi tunataka kuuzungumza ule mfuko mdogo, mfuko wa maafa, kwa sababu wiki ijayo tunaupigia kura, na si vizuri mtu kuipigia kura pesa asiyoijua ilikotoka wala ilikokwenda.

Njia hii ya sanduku hatukuibuni sisi. Ilianza Niger, huko Maradi, mwaka 1991, kwa akina mama wa vijijini waliosaidiwa na shirika la CARE. Hapa Unguja iliingia kwa upande wa Jozani, ikasambaa shamba na mjini. Kwa asiyeijua: sanduku lina makufuli matatu, na funguo zake wanashika watu watatu wa nyumba tatu mbalimbali. Siku ya kikao pesa zinahesabiwa mbele ya watu wote. Hisa zinaingia bakuli moja, na shilingi mia tano ya maafa inaingia bakuli jengine. Pesa ya hisa hukopeshwa, na mwisho wa mwaka hugawanywa. Pesa ya maafa haizalishi kitu. Anayepewa kwa ugonjwa au msiba hadaiwi ziada hata senti moja, na kwa msiba harejeshi kabisa.

Basi mia tano hiyo imefanya nini?

Tulianza mwaka 2015. Hata hatujazoeana vizuri, Septemba ya mwaka ule ule kipindupindu kikaingia Unguja, na kikaendelea mpaka mwaka 2016. Waliougua Zanzibar nzima walikuwa zaidi ya 4,000. Maradhi haya si mageni kwetu, kwani yaliingia visiwani mara ya kwanza mwaka 1978, katika kijiji cha wavuvi. Lakini mara hii yalitupiga pande mbili. Ya kwanza ni ugonjwa wenyewe. Ya pili ni pale Serikali ilipozuia uuzaji wa vyakula na vinywaji vya barabarani. Amri ile ilikuwa ya haki na hatuilaumu, lakini si mnajua wanachama wetu wanauza nini? Juisi, urojo, maandazi, kachori. Nyumba nyingi zilikosa mapato kwa siku moja, na katika nyumba hizo hizo ndimo mlimotakiwa sabuni, dawa ya maji na nauli ya kumpeleka mgonjwa kambini.

Mfuko wakati ule ulikuwa mchanga, haukutosha hata robo ya shida. Tukakubaliana usitolewe pesa taslimu, tununue vitu. Tukanunua ndoo zenye bomba, sabuni na dawa ya kutibu maji, tukagawa nyumba kwa nyumba, za wanachama na za majirani. Tulikwenda pia na somo moja ambalo mpaka leo kila mwanachama analijua kwa moyo: maji safi lita moja, sukari vijiko vidogo sita vya kufuta, chumvi nusu kijiko kidogo. Mgonjwa aanze kunyweshwa hapo hapo nyumbani, aendelee kunyweshwa njiani, asingoje kufika hospitali. Kipindupindu kinaua kwa kukausha maji mwilini, na kinaweza kummaliza mtu mzima kwa muda wa saa chache tu. Mgonjwa akifika akiwa amekwisha kunywa, daktari ana pa kuanzia.

Pale ndipo tulipopata hoja ambayo bado inaleta ubishi. Kwa nini majirani wasiochangia wapewe ndoo? Jawabu la wakati ule lilikuwa jepesi: kisima chetu ni kimoja. Ukimtibu mwanachama ukamwacha jirani, umefanya kazi nusu, na wiki ya pili ugonjwa utarudi kwa mwanachama.

Tuje kwenye maji ya mvua. Wazee waliopo hapa wanaikumbuka Mwanakwerekwe ilipokuwa shamba, minazi na miembe, na mabonde yake yakijaa maji masika na kukauka kipupwe bila ya kumdhuru mtu. Siku hizi mabondeni kuna nyumba. Maji hayakuhama, sisi ndio tuliohamia kwao. Mwezi wa Mei 2017 mvua zilikuwa kubwa hata skuli zikafungwa. Mitaro mikubwa iliyojengwa Ng'ambo kwa mkopo wa Benki ya Dunia imesaidia, anayesema haikusaidia hasemi kweli. Lakini mtaro ukitiwa mifuko ya plastiki na maganda ya nazi hugeuka bwawa, na hapo hakuna mkandarasi wa kulaumiwa.

Masika yale tulijifunza mambo ambayo hakuna aliyetufundisha. La kwanza ni umeme. Maji yakianza kuingia kizingitini, zima swichi kuu kwanza, ndipo uokoe godoro. Watu hukimbilia friji, wakalishika na miguu imo majini. La pili ni mashimo. Mashimo ya mchanga na ya vyoo visivyofunikwa hayaonekani maji yakishajaa, na mtoto anayecheza katika maji ya magoti anaweza kuzama hatua mbili mbele. Ndiyo sababu mkaona fito zenye vitambaa vyekundu mtaani kwetu kila Machi. Fito zile ni za kikundi, na kamba vile vile. Tafadhali msizing'oe mkafanyia uzio wa kuku.

Jambo la tatu ni usiku. Tuna mfano mmoja tutautaja bila ya jina. Binti wa mwanachama alishikwa na uchungu usiku wa mvua, njia imejaa maji. Tulipiga simu mara tatu kuomba gari ya wagonjwa. Simu ikapokelewa mara moja, gari haikuja. Hatutasema ni wapi, kwani hatukuja kushitaki. Mshika ufunguo wa kwanza akaamshwa, wa pili akaamshwa, wa tatu akaja na kanga yake kichwani. Sanduku likafunguliwa saa nane usiku, teksi ikalipwa, vijana wakaisukuma mpaka ikatoka majini, binti akafika Mnazi Mmoja na akajifungua salama. Mtoto huyo leo yumo humu ndani anakula kashata.

Tangu siku ile tuliweka utaratibu: dereva wawili wa teksi wa mtaani wana orodha yetu, wanakuja kwanza, malipo yanafuata asubuhi kutoka mfukoni. Na hali imebadilika kidogo, kwani sasa Wilaya ya Magharibi B ina hospitali yake huko Magogoni. Safari imekuwa fupi. Lakini safari fupi nayo inataka gari.

Sasa tuseme habari ya bahari, ingawa sisi ni watu wa bara kidogo. Wengi wetu asili yetu ni Pemba, au tumeolewa huko. Usiku wa Ijumaa tarehe 9 Septemba 2011, siku chache baada ya Idi, MV Spice Islander iliondoka Malindi kwenda Pemba ikiwa imepakia watu na mizigo kupita kiasi chake. Baada ya saa sita usiku ikazama mbele ya Nungwi. Maiti zaidi ya 200 zilipatikana. Wasiojulikana walipo walikuwa zaidi ya elfu moja. Tulikwenda Maisara tukazunguka kutafuta watu wetu, wengine tukawaona, wengine mpaka leo hatuna kaburi la kusomea. Mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikapinduka karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam.

Kikundi hakijazaliwa wakati ule, lakini msiba ule ndio uliowafanya waasisi wetu waseme lazima pawe na bakuli la pili. Waliona nyumba iliyopoteza baba na mama kwa usiku mmoja, na majirani wakichangishana kanga na unga kwa mkono mtupu.

Kuna jambo jengine lililojificha ndani ya msiba ule. Waliofika mwanzo kuokoa ni wavuvi wa Nungwi na vyombo vyao. Walionusurika wengi walishikilia magodoro na chochote kinachoelea. Sisi ni watu wa kisiwa, tumezungukwa na maji pande zote, na wanawake wengi wa Unguja hawajui kuogelea. Tuliambiwa si heshima, tukanyamaza. Huko kaskazini ya kisiwa, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa nguo za kuwasitiri tangu kichwa mpaka miguu, na walimu wao wakiwa wanawake. Wazee wa huko walikubali baada ya kuona kwa macho yao. Kwa maoni yetu, kumfundisha binti kuogelea ni sitara kubwa kuliko kumwombea tu asipande boti. Wapo kati yetu wasiokubaliana na hili, na tunawaheshimu, ila tungependa waje tuzungumze.

Kuhusu moto hatutasema mengi, kwa sababu leo tunaye kijana kutoka Kikosi cha Zimamoto na Uokozi. Tutaje tu mambo ya jikoni. Mafuta yakiwaka kwenye karai usimwagie maji, funika kwa mfuniko au kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, halafu zima jiko. Mtoto akiungua mwagie maji safi ya baridi ya kawaida dakika ishirini. Dawa ya meno ni ya meno. Na majivu, na mafuta, na ute wa yai, vyote hivyo daktari atalazimika kuvikwangua, na mtoto atalia mara mbili. Mitungi ya gesi imeingia kwa wingi majumbani, na ni nafuu kuliko makaa, lakini ukisikia harufu usiwashe hata taa. Funga mtungi, fungua madirisha, toka nje.

Sasa turudi kwenye kura.

Wenzetu wanaotaka mfuko ugawanywe kila mwaka pamoja na hisa wana hoja, na tusiwafanyie dhihaka. Wanasema pesa imelala, haizai. Wanasema Ramadhani ikikaribia, dharura ya mama mwenye watoto sita ni futari na nguo za Idi. Wanasema pia, na hili ni kweli, kwamba wapo waliochangia miaka kumi hawajapata hata siku moja kuchukua kitu.

Sisi tunaoandika maneno haya tunaona mfuko ubaki mzima. Hayo ya kuchangia miaka kumi bila ya kuchukua, kwetu ni habari njema ya nyumba hiyo, na wala si hasara. Mfuko ukigawanywa Shaabani, masika inapofika sanduku ni tupu, na masika hayangoji tujaze tena. Tangu mwaka 2015 Zanzibar ina sheria ya kukabiliana na maafa, ipo Kamisheni, na kamati za shehia zinatambuliwa. Zimamoto wapo, KMKM wapo kwa upande wa bahari, Polisi wapo kwa 112. Hao wote tunawahitaji. Lakini kati ya saa unayopiga simu na saa wanayofika, mtaa unabaki na wenyewe.

Tunachopendekeza ni kupunguza kidogo ugomvi. Mfuko uwekewe kima cha chini ambacho hakiguswi. Kinachozidi juu ya kima hicho kigawanywe kila mwaka wa tatu. Jirani asiyekuwa mwanachama asaidiwe kwa vitu na usafiri tu, si kwa pesa mkononi, na jina lake liandikwe daftarini. Bwana Sheha tunakuomba utuunganishe na kamati yako ya maafa, orodha yetu ya wajawazito, wazee na walemavu wa mtaa uwe nayo wewe pia. Tunayo, ila imo kwenye daftari la mshika hazina, na mshika hazina husafiri.

Waalikwa mnaotuuliza tunataka msaada gani: tochi za kuchaji, mabuti ya mvua, na machela moja. Pesa tunayo kidogo.

Kura ni Jumatano baada ya sala ya alasiri, pale pale barazani. Asiyeweza kuja asitume mtoto na karatasi, aje mwenyewe au amtume mwanachama mwenzake. Na sasa hivi, kabla ya chai, kijana wa Zimamoto atatuonyesha uani namna ya kuzima moto wa mtungi, kwa hiyo watoto tafadhali wakae nyuma ya kamba.