Shahada ya Kwanza ya Mwanasheria Mtarajiwa



Kijana wa Tanzania atakaye uwakili huanza na sheria yenyewe. Tangu Kitivo cha Sheria kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, sheria imekuwa shahada ya kwanza. Marekani mambo ni mengine. Huko mwanafunzi husoma kwanza shahada ya miaka minne katika fani nyingine, ndipo aombe nafasi ya kusoma sheria kwa miaka mitatu zaidi. Basi swali humkabili mapema: asome nini kwanza?

Wapo wanaoamini kuwa ni lazima asome siasa. Imani hiyo haina msingi. Chama cha Mawakili cha Marekani, ambacho ndicho huidhinisha shule za sheria, hakishurutishi fani yoyote. Sandra Day O'Connor, mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, alisoma uchumi. Elena Kagan alisoma historia. Thurgood Marshall alinoa ulimi wake katika kundi la midahalo la Chuo Kikuu cha Lincoln. Mwaka 1954 alishinda kesi iliyoharamisha ubaguzi wa rangi katika shule za umma, na mwaka 1960 alikuwa London akiwashauri wajumbe wa Kenya juu ya haki za raia katika katiba yao.

Iko njia moja tu yenye sharti. Atakaye kuwatetea wavumbuzi mbele ya ofisi ya serikali inayosajili uvumbuzi hana budi awe na elimu ya sayansi au uhandisi.

Kwa wengine, kinachopimwa ni alama na mtihani wa kuingilia. Kijana anayejitwisha fani asiyoipenda, kwa sababu tu jina lake linasikika vizuri, huambulia alama hafifu na kujifungia mlango mwenyewe. Tena si kila aombaye hupokewa. Atakayekataliwa atabaki na shahada ile ya kwanza, na pengine deni la karo.

Kwa hiyo yafaa achague fani itakayomfundisha kusoma kwa makini, kuandika kwa ufasaha na kujenga hoja. Fani itakayomlisha hata kama hatavaa joho la wakili. Mahakamani hakuna aulizaye jina la shahada. Huulizwa ushahidi na hoja.